MASKINI ASIYENYOOSHA MKONO

(Mada iliyotolewa kwenye futari ya vijana, Kiriaini)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie kipenzi chetu Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba wake na wote wanaofuata njia yao mpaka Siku ya Malipo. Ama ba'ad.



Niliombwa nizungumze juu ya fadhila za kulisha watu katika mwezi huu mtukufu. Nimekaa na mada hiyo siku tatu, nikaona fadhila zenyewe mnazijua. Tangu tuko chuoni tunasoma juzuu ya kwanza tunaambiwa kwamba anayemfuturisha mwenye saumu hupata mfano wa thawabu zake bila ya yule aliyefunga kupunguziwa kitu. Hilo halina ubishi. Lakini hebu leo tumwangalie mtu wa upande wa pili wa sahani, yule anayelishwa. Anaamka saa ngapi? Anafanya kazi gani? Na kwa nini anafanya kazi kutwa nzima na jioni hana cha kubandika mekoni?

Mwisho nitakueleza jambo lililotokea kwetu nyumbani. Linanitia haya mpaka leo, lakini nimeona bora nilitaje hapa duniani kuliko nije kuulizwa kesho Akhera.

UFUKARA KATIKATI YA KIJANI

Mgeni akija Kiriaini kwa mara ya kwanza, awe ametokea Murang'a mjini au ameshuka kutoka Othaya, anasema, "Mashallah, hawa watu wamebarikiwa!" Na kweli tumebarikiwa. Huku juu kuelekea Nyandarua ni chai, ukishuka chini ni kahawa, mito ya Mathioya haikauki, na ardhi ni nyekundu, ukichomeka kijiti kinaota. Sasa swali ni hili: mahali penye rutuba namna hii, njaa inapitia mlango gani?

Inapitia mlango wa ardhi. Wazee wetu wanakumbuka kwamba Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari mwezi wa Oktoba 1952. Kuanzia mwaka 1954 Wakikuyu zaidi ya milioni moja waliondolewa kwenye miji yao iliyotawanyika juu ya migongo ya milima, wakafungiwa katika vijiji vyenye ulinzi. Wakati huohuo, chini ya mpango wa Swynnerton wa 1954, mashamba yakakusanywa, yakapimwa na kuandikishwa upya. Wanaume wangapi walikuwa kizuizini siku hizo? Wengi. Mtu yuko kambini, shamba lake linapimwa na wengine. Baadhi walipotoka walikuta wamebakiwa na kipande kisichotosha, na wengine hawakukuta kitu.

Vita vikaisha, uhuru ukaja 1963, na waliokuwa na mashamba wakarudi mashambani mwao. Wasiokuwa na pa kurudi wakabaki palepale kijijini. Katika Murang'a na Nyeri vijiji hivyo vya kikoloni vipo mpaka leo, na watu wengine wamo ndani yake kizazi cha tatu au cha nne, nyumba zimebanana, na wengi hawana hati ya pale wanapolala. Kwa hiyo unapomwona jirani yako hana hata mstari mmoja wa viazi, usifanye haraka kusema ni mvivu. Huenda babu yake alipokonywa kabla baba yake hajazaliwa.

Na wenye mashamba je? Babu alikuwa na ekari sita, akawagawia wana wanne, nao wakagawa tena. Leo kijana anarithi ukanda wa chai ambao ukisimama mwanzo wake unaona mwisho. Hapo ndipo watu wa aina mbili wanakutana: mwenye mashina machache ya chai, na asiye na shina hata moja. Huyu wa pili anamchumia yule wa kwanza, na wote wawili wanaitana maskini.

HESABU YA SIKU MOJA

Nitakueleza siku ya mama mmoja jirani yetu. Jina lake nalihifadhi, maana heshima yake ni amana. Ni mjane, ana watoto watatu, si Mwislamu, na anaishi kijijini chini ya barabara.

Anaamka saa kumi na moja. Anawasha moto kwa kuni alizookota jana, anachemsha chai ya rangi bila maziwa. (Hebu fikiria: anachuma chai kutwa, na maziwa ya kutilia chai hana!) Kama kuna kiporo, ni cha watoto. Saa kumi na mbili na nusu yuko shambani, amejifunga karatasi ya nailoni kiunoni kwa ajili ya umande, kikapu kiko mgongoni. Anachuma majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Akichanganya majani magumu, karani kwenye kituo atayakataa. Mchana anabeba mzigo mpaka kituoni, unapimwa, na kilo zinaandikwa kwa namba ya mwenye shamba. Yeye mchumaji hana namba. Jina lake haliko popote pale isipokuwa kwenye kidaftari cha mwenye shamba, na katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu.

Mwaka jana alikuwa akilipwa shilingi 10 kwa kilo. Mvua ikinyesha vizuri na majani yakiwa mengi alifikisha kilo 30, yaani shilingi 300. Lakini kiangazi cha Februari, majani yakiwa yamekauka, alitoka na kilo 12. Shilingi 120. Na shamba dogo likishachumwa, unalisubiri wiki moja au mbili lichipue tena, kwa hiyo hana budi azunguke mashamba matatu manne akibisha hodi: "Mna majani leo?" Julai na Agosti, ukungu na baridi vikishuka, chai haichipui sawasawa. Msimu wa kahawa anachuma kahawa, analipwa kwa debe. Usipokuwa msimu wa chochote, anafua nguo za watu, anapalilia, anapasua kuni.

Sasa chukua ile 120 tuihesabu pamoja. Unga wa kupima, 50. Sukuma wiki, 20. Mafuta ya kupikia ya kupimiwa kwenye kikombe, 20. Mafuta ya taa ya koroboi, 20. Kipande cha sabuni, 10. Imeisha! Hujagusa daftari la shule, hujagusa dawa ya kikohozi, hujagusa chumvi. Na uangalie dhuluma iliyojificha hapo ndani: anayenunua mafuta ya shilingi 20 kila siku, mwisho wa mwezi amelipa zaidi kuliko mimi na wewe tunaonunua chupa nzima. Hana pesa za kununua rahisi. Maskini hununua ghali kwa sababu hununua kidogo kidogo.

Mwezi wa Juni 2025 Benki ya Dunia ilipandisha mstari wa ufukara uliokithiri kutoka dola 2.15 hadi dola 3 kwa mtu mmoja kwa siku. Gawanya ile 120 kwa watu wanne wa nyumba ile: kila mtu shilingi 30. Hata wataalamu wakisawazisha bei za nchi mbalimbali namna wanavyosawazisha, siku kama ile haiukaribii mstari wao.

Tena kuna bonasi. Kila mwaka, panapo Oktoba hivi, wakulima wa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hupokea malipo yao makubwa ya mwaka. Mji unachangamka! Mabati yananunuliwa, madeni yanalipwa, watu wanaoa. Lakini bonasi ni ya mwenye namba. Mkono uliochuma majani yale hauna fungu ndani yake, ila mwenye shamba awe na imani na kumkumbuka.

MASKINI NI NANI?

Mtume wetu (S.A.W.), katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), alitufundisha kwamba maskini hasa si yule anayezunguka kwa watu akarudishwa na tonge moja au mbili, tende moja au mbili. Maskini hasa ni yule asiyepata cha kumtosha, wala hatambulikani akapewa sadaka, wala hasimami kuomba watu. Na katika Suratul Baqara, aya ya 273, Mwenyezi Mungu anatueleza mafakiri ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba.

Sasa jiulize ndugu yangu: misaada yetu ya Ramadhani imetengenezwa kumfikia nani? Tunatangaza kwenye kipaza sauti, tunapanga watu foleni nje ya msikiti, tunapiga picha mama akipokea mfuko wa unga, na kabla ya tarawehe picha imeshazunguka kwenye simu. Anayekuja kwenye foleni ile ana haki, na wala simlaumu. Lakini yule aliyesifiwa na Mwenyezi Mungu kwa kujizuia hatakuja. Amefunga mlango wake, amekaa na watoto wake.

Na kuna Hadithi nyingine tunaipenda sana, hasa sisi vijana wenye maneno mengi. Ni ile ya mtu kuchukua kamba yake, akaleta mzigo wa kuni mgongoni akauza, kwamba hilo ni bora kwake kuliko kuomba watu. Ni Hadithi sahihi, tena ni nuru kwa kijana aliyekaa pale stendi tangu asubuhi akingoja kuitwa. Lakini jamani, tusiigeuze fimbo ya kumpigia maskini. Yule mama ameshabeba kuni! Amebeba kuni, amebeba majani, amebeba maji. Aliyebaki kuulizwa ni anayepokea ule mzigo: je, amemlipa?

YALIYOTUKUTA NYUMBANI

Hapa ndipo naanza kuona haya.

Sisi nyumbani tuna ekari moja ya chai. Mama yangu mgongo unamsumbua, kwa hiyo yule jirani ndiye aliyekuwa akituchumia. Ramadhani ya mwaka jana nilirudi kutoka chuo kikuu kwa ajili ya kumi la mwisho, nikiwa na azma kubwa: nitahitimisha Qur'ani, nitasali usiku, nitalisha watu. Siku ya pili yake, baada ya Magharibi, nikachukua sahani ya nduma na uji wa moto kwenye chupa, nikateremka nayo kijijini. Njiani nilikuwa najisikia vizuri, wallahi. Nilikuwa nahesabu thawabu.

Nikapiga hodi. Akanikaribisha. Ndani giza, mekoni hakuna moto, watoto watatu wamelala. Nilikuwa sijasali hata Isha.

Nikamwambia, "Mama, hawa wamelala mapema leo."

Akanijibu, "Wamechoka na shule, kijana wangu."

Siku ile ilikuwa Jumapili.

Sikusema neno. Aliipokea ile sahani kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu kwa dini yake, akamuulizia mama yangu mgongo. Hakuniomba kitu. Hakulalamika. Nikarudi nyumbani nikamsimulia mama, nikamwambia, "Tumtie kwenye orodha ya sadaka ya msikiti." Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Yule hahitaji sadaka yetu kwanza. Tuna deni lake. Tangu mwezi wa kwanza."

Akaleta kidaftari. Kilo 210. Shilingi 2,100.

Nikauliza, "Pesa zilikwenda wapi?" Mama hakutaka kunijibu, nami nikaelewa mwenyewe. Zilikuja kwangu. Mwezi wa pili nilimpigia simu nikamwambia nimekwama, akanitumia shilingi 3,000 kwa M-Pesa. Na si zote zilikwenda kwenye kukwama kwangu. Nilinunua raba. Zile raba nilikuwa nimezivaa usiku ule nilipokuwa nateremka kijijini na sahani ya futari.

Ndugu yangu, nilikuwa nimempelekea mtu sadaka kutoka katika jasho lake mwenyewe, na nikingojea kulipwa na Mwenyezi Mungu juu yake!

Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kupitia kwa Mtume wake (S.A.W.) kwamba kuna watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Na Ibnu Majah amepokea amri ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Hapa hapakuulizwa mfanyakazi huyo anasali wapi. Kuna masuala ya fikihi kuhusu nani apewe zaka na nani apewe sadaka, na masheikh wetu wametueleza. Lakini ujira si zaka wala si sadaka. Ni haki yake, awe Mwislamu au si Mwislamu.

Asubuhi yake niliziuza zile raba kwa rafiki yangu, mama akaongeza kilichopungua, tukateremka wote wawili kumlipa na kumwomba msamaha. Akazihesabu, akazifunga kwenye kitambaa, akasema, "Nilijua mtalipa. Nilikuwa sijui lini tu." Maneno hayo machache yamenikaa kifuani kuliko hotuba zote nilizosikia mwezi ule. Kwa sababu njaa ya wale watoto ilikuwa ndani ya neno hilo: lini.

KISA CHA MADYAN

Tukisoma Suratul Qasas tunamkuta Nabii Musa (A.S.) amefika Madyan, mkimbizi, hana nyumba, hana kazi, ana njaa. Anawanywesheza wanyama mabinti wawili, kisha anajitenga kivulini na kumweleza Mola wake kwamba yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia. Hakuwaomba wale mabinti hata tonge. Huyo ndiye maskini asiyenyoosha mkono. Na jibu la dua ile lilikujaje? Mmoja wa mabinti alirudi akimwendea kwa haya, akamwambia baba yake anamwita amlipe ujira wa kuwanyweshezea. Mzee yule hakungoja mwisho wa mwezi. Hakuuita ujira sadaka. Na baada ya kumlipa alimpa kazi ya miaka, na nyumba.

Mpangilio huo ndio nauomba kwetu: kwanza haki, kisha hisani, kisha njia ya kujitegemea.

TUFANYE NINI?

Nimeleta mambo matano, kila mtu achukue analoliweza.

Kwanza, tulipe madeni ya vibarua kabla ya Idi. Mchumaji, mfuaji, msichana wa kazi, fundi, mchunga ng'ombe. Fungua kidaftari chako leo usiku. Kama huna zote, lipa nusu na umwambie siku ya nusu iliyobaki, usimwache na swali la "lini".

Pili, orodha ya wahitaji tuitoe kipaza sautini. Mama zetu wanajua ni nyumba gani moshi hautoki. Waachiwe wao waandike, na vijana tupeleke usiku, mlango kwa mlango, bila kamera. Sisi ni Waislamu wachache hapa Kiriaini, hakuna nyumba tusiyoweza kuifikia kwa miguu.

Tatu, Zakatul Fitri tusiicheleweshe mpaka alfajiri ya Idi. Pishi moja, yaani vibaba vinne vya chakula, ambayo masheikh wetu wengi huikadiria kilo mbili na nusu hadi tatu, inafaa kutolewa siku moja au mbili kabla, kama alivyokuwa akifanya Ibnu Umar (R.A.). Mtu apate nafasi ya kusaga, kupepeta na kupika, na watoto wake waamke Idi wakisikia harufu ya chakula kama wako.

Nne, sehemu ya zaka ya mali iende kwenye mtaji. Badala ya kumpa mtu mmoja unga mara kumi, tumnunulie kuku wa mayai, mbuzi wa maziwa, au cherehani. Na mzee aliyetimiza miaka 70, tumsindikize kwa chifu ajiandikishe kwenye Inua Jamii. Shilingi 2,000 kwa mwezi si nyingi, lakini ni haki yake, na wengine hukosa kwa sababu tu hawana wa kuwasomea fomu.

Tano, tusiwe Waislamu wa mwezi mmoja. Njaa ya huku ina kalenda yake: inakuja kiangazi, na inakuja tena Julai kwenye baridi. Kikundi chetu kiwe na kopo la Julai kama kilivyo na kopo la Ramadhani.

Na wewe unayesoma haya ukiwa ndiye huyo mama, au mwanawe, nina neno moja kwako. Usione haya. Aibu si yako. Mkono wako mweusi kwa utomvu wa chai ni mkono uliokula halali. Ukidai ujira wako huombi, unadai. Dai kwa adabu, lakini dai.

Mama yule bado anatuchumia. Sasa analipwa kila Jumamosi, na bonasi iliyopita mama yangu alimtengea fungu lake, naye akamnunulia mkubwa wake sare ya shule. Watoto bado kuna siku wanalala mapema, sitakudanganya. Lakini siku hizo zisitokane na sisi.

Ewe Mola wetu, tukubalie saumu zetu na visimamo vyetu. Usitufanye wenye kushiba juu ya njaa ya majirani zetu, wala usije kuwa mgomvi wetu Siku ya Kiyama kwa ajili ya ujira tulioushika. Wape riziki pana wanaojizuia kuomba, na utupe sisi macho ya kuwaona. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.